Jembe katika Shule za Kati za Tanganyika

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilieneza shule za kati, yaani darasa la 5 mpaka la 8, kwa watoto waliokwisha kumaliza miaka 4 ya shule ya msingi. Katika sehemu za wakulima, mafunzo ya shule hizo yaliegemea shambani, ili mwanafunzi atoke akijua kazi za maisha ya kijijini.

Wazazi wengi hawakuridhika. Hapana shaka hawakulidharau jembe, maana ndilo lililowalisha. Walakini mtoto hufunzwa kulima nyumbani bila karo. Tena njia ya kufikia kazi ya mshahara ilipita katika mtihani wa vitabu, wala si shambani.

Mwaka 1967, katika *Elimu ya Kujitegemea*, Julius Nyerere alilitetea shamba la shule kwa hoja nyingine. Wanafunzi 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi walipata nafasi ya sekondari. Basi elimu hiyo yapasa iwe kamili kwa wale 87 waliobaki.

Siku hizi mafunzo ya namna hii huitwa stadi za kazi. Aghalabu neno stadi lilimtaja mtu, fundi aliyeijua kazi yake. Sasa lataja jambo linalofundishwa. Shule za kati zaonyesha kwamba jambo hilo halimfanyi mtoto kuwa stadi, ikiwa kazi yenyewe haina heshima katika mtihani wala faida baada ya shule.