Kaboni yazikwa chini ya bahari kukwepa kodi

Teknolojia ya kunasa gesi ya kaboni na kuizika ardhini imestawi zaidi pale ambapo kuiachilia hewani kuna gharama. Norway ndiyo shahidi.

Mnamo 1991, serikali ya nchi hiyo ilianza kutoza kodi gesi hiyo, hata kwa kampuni zinazochimba mafuta baharini. Gesi asilia ya machimbo ya Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, ilikuwa na takriban asilimia 9 ya kaboni, ilhali haikuweza kuuzwa ikizidi asilimia 2.5. Kuitenganisha kulikuwa lazima. Badala ya kuiachilia na kulipa kodi, kampuni ya Statoil (sasa Equinor) ilianza mwaka 1996 kuishindilia katika tabaka la mawe ya mchanga liitwalo Utsira, karibu kilomita moja chini ya bahari, ambako huzuiwa na mwamba usiopitisha gesi. Miaka ya mwanzo zilizikwa karibu tani milioni moja kila mwaka.

Marekani ilitangulia, lakini kwa nia nyingine: tangu 1972 gesi hiyo husukumwa visimani Texas ili mafuta zaidi yatoke. Hiyo, ukweli usemwe, ni biashara ya mafuta kwanza.

Mnamo Agosti 2025, mradi wa Northern Lights ulizika shehena yake ya kwanza, iliyoletwa kwa meli kutoka kiwanda cha saruji cha Brevik, Norway. Saruji ni mtihani mgumu: kaboni hutoka katika mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, hivyo umeme safi pekee hautoshi.

Hata hivyo, dunia nzima hunasa karibu tani milioni 50 kwa mwaka, huku matumizi ya nishati yakitoa zaidi ya bilioni 35.