Heroini: Dawa ya Kikohozi Iliyogeuka Msiba wa Majumbani



Tukilisikia neno "unga" hapa visiwani, wengi wetu hudhani ni balaa lililozaliwa vichochoroni. Historia inasema vyengine. Heroini ilianzia kwenye duka la dawa.

Asili yake ni afyuni, utomvu ambao watu waliutumia tangu kale kutuliza maumivu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alitoa mofini ndani ya afyuni. Iliwasaidia wagonjwa, lakini wengi walishindwa kuiacha. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza dawa mpya iliyotengenezwa kwa mofini, ikaiita Heroin, jina lenye maana ya ushujaa. Kifua kikuu kilikuwa kikiua watu wengi, na dawa ya kutuliza kikohozi ilikuwa faraja kubwa. Ilisemekana haileti uraibu. Kumbe ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini ile ile, tena kwa kasi zaidi. Bayer iliacha kuitengeneza mwaka 1913, na Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1924.

Kwetu iliingia katika miaka ya 1980, kwa njia za bahari zinazotoka upande wa Afghanistan na Pakistan. Kwanza vijana waliivuta. Baadaye ukaja unga mweupe unaoyeyuka upesi kwenye maji, na sindano ikaanza. Kuchangia sindano kukaleta Ukimwi na homa ya ini. Mke ambaye hajawahi hata kuuona unga akaweza kuambukizwa na mumewe.

Hapo ndipo khabari hii inapomgusa bi harusi. Familia nyingi huficha uraibu wa kijana wao kwa jina la sitara, wakitumai ndoa itamtuliza. Ndoa haitibu arosto. Anayebebeshwa mzigo ni binti wa watu, pamoja na dhahabu yake, vyombo vyake na afya yake.

Kuuliza kabla ya kukubali posa si utovu wa adabu. Bibi Fatima bint Qays alimwendea Mtume (S.A.W.) kuhusu wanaume wawili waliomposa, naye akamweleza wazi aibu ya kila mmoja, kisha akamshauri aolewe na mwengine. Basi wazee na mashangazi wakiulizwa, waseme kweli. Hiyo si kusengenya, ni amana. Na kupima afya kabla ya nikaha ni haki ya wote wawili.

Wala tusiwakatie tamaa wanaougua. Uraibu ni maradhi, na kuna tiba. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu. Soba hausi nazo zimewarudisha vijana wengi kwa mama zao. Hata ulevi wa pombe Madina haukuondoka siku moja. Katazo lilikuja hatua kwa hatua, mpaka siku watu walipoimwaga pombe njiani.

Dada, kama yuko nyumbani kwenu, mpelekeni akatibiwe, msimtafutie mke. Akishapona, aoe kwa uso mkunjufu, na mkewe awe anajua.

Allah azihifadhi nyumba zetu. Amin.