Ufumwele, Kabla Haujawa Uzi

Wanaoandika juu ya mavazi wamezoea kuziita pamba, kitani, sufu, hariri na katani kwa jina moja, nyuzi asilia. Jina linaeleweka, ila limeruka hatua. Uzi umekwisha kusokotwa. Kabla yake kuna kile kijinywele kinachochomoka ukichambua pamba kwa vidole, au ule mshipa mrefu mweupe unaobaki jani la mkonge likishapita kwenye mashine ya korona. Hicho kamusi hukiita ufumwele, kwa wingi fumwele. Atakayeniambia kuwa neno hili ni geni, namkumbusha kwamba Waswahili walitofautisha mambo haya zamani: mkonge ni mmea na katani ni zao lake, na usumba wa nazi una jina lake kabla haujawa kamba.

Linalonisumbua zaidi ni “asilia”, kwa sababu limegeuzwa sifa. Neno hili hutaja chimbuko tu; halisemi shamba lilitunzwaje wala fundi alilipwa nini. Pamba ni asilia, na ni kwa kumwagilia mashamba ya pamba ndipo Wasovieti, tangu miaka ya 1960, walipochepusha maji ya mito Amu Darya na Syr Darya hata Bahari ya Aral ikakauka sehemu kubwa. Viskosi nayo chimbuko lake ni mti, lakini rojo la mbao halifanyiki ufumwele bila kemikali, mojawapo ikiwa kaboni disulfidi, inayodhuru neva za wafanyakazi. Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, swali halikuwa nguo zile zilifumwa kwa pamba au kwa poliesta. Kwa hiyo nashauri tuseme “fumwele asilia” tunapotaja chimbuko, na “mavazi ya haki” pale tu tunapoweza kueleza haki hiyo alitendewa nani.

Kuna hoja kwamba poliesta ni nafuu, hudumu na hukauka upesi. Ni kweli, na mzazi anayenunulia wanawe sare za poliesta hana kosa. Lakini kila ikifuliwa huachia chembe za plastiki zisizooza, na nyingine hufika baharini. Mnunuzi anastahili walau kujua anachouziwa. Ukiitilia shaka kanga, chomoa uzi mmoja pindoni uuchome: pamba huungua kama karatasi ikaacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikajikunja kuwa punje ngumu. Habari za mkulima na mshonaji moto hauzijui. Hizo muulize muuzaji.