Kambi Isiyokuwa na Hema

Januari 2008, nyumbani kwetu upande wa Nyamira, sufuria ya kila siku iliwekwa kando. Ikatolewa ile kubwa ya harusi na matanga. Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani kuna sherehe. Kumbe ni shangazi alikuwa amefika kutoka Kericho na watoto wanne, begi moja na redio. Hakuna aliyemuuliza atakaa siku ngapi. Nyanya alisema tu, "Sukumeni hiyo mikeka, wenzenu wapate pa kulala."

Ukimwambia mtu afikirie mkimbizi, ataona hema jeupe na foleni ya unga. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya hadithi. Baada ya kura ya tarehe 27 Desemba 2007 na matokeo ya tarehe 30, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Serikali nayo iliorodhesha watu 663,921 waliong'olewa makwao. Takriban 350,000 waliishi katika kambi 118. Waliobaki, zaidi ya 300,000, walijibanza kwa jamaa, kwa marafiki au katika vyumba vya kukodi. Kwa lugha ya maofisa hao waliitwa wakimbizi jumuishi. Kisii na Nyamira tuliwaita wageni.

Walikuwa wametoka wapi? Ardhi ya Gusii ni finyu. Baba anagawia wana, wana wanagawia wajukuu, mwishowe shamba linakuwa mstari wa migomba na ng'ombe mmoja. Kwa hivyo watu wetu walitoka zamani: kuchuma chai Kericho, kulima Molo, kufungua maduka Kisumu na Eldoret. Wengine walinunua mashamba ya Borabu yaliyokuwa ya walowezi, mpakani kabisa na Sotik. Kura ya Gusii mwaka huo iligawanyika, lakini mwenye rungu haulizi ulipiga kura gani. Anauliza jina lako.

Hali ilichacha zaidi baada ya mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, kupigwa risasi na polisi mjini Eldoret tarehe 31 Januari. Wakisii waliokuwa Kericho wakaandamwa. Chepilat, soko ambalo Wakisii na Wakipsigis walikuwa wakiuziana maziwa na mboga, likateketezwa. Na tuseme ukweli: nyumba zilichomwa pande zote mbili za mpaka huo, na wako watoto wa Kipsigis pia waliolala nje.

Wazee hawakushangaa. Mpaka huohuo ulikuwa umewaka mwaka 1992, na ule wa Gucha na Transmara ukawaka 1997. Tume ya Akiwumi iliyasikiliza hayo yote na kuyaandika. Na ni mwaka huohuo wa 1992 ambapo Kakuma ilifunguliwa kupokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Dunia ikaijua Kenya kama nchi inayopokea wakimbizi. Kumbe huku kwetu Mkenya alikuwa akimkimbia Mkenya mwenzake, akipokewa na mamake.

Msaada huu wa jikoni ulifanyaje kazi? Kwanza ni mahindi ya akiba. Mavuno yaliyokusudiwa kumfikisha mtu mwezi wa sita yakaisha mwezi wa tatu. Pili ni simu. M-Pesa haikuwa imefikisha hata mwaka, na barabara zilipofungwa watu wa Nairobi walituma pesa na kredo kwa jamaa waliokwama. Tatu ni majirani. Zamani Abagusii walikuwa na risaga, kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu. Roho ileile ndiyo iliyoleta blanketi huku na debe la viazi kule, bila mtu kusaini popote.

Lakini tusiipambe sana. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lilikuwepo. Shamba ndilo lilikosekana. Shangazi alikuwa binti aliyeolewa, na kwa mila zetu binti hana fungu kwa babake. Kwa mumewe palikuwa na nusu ekari ya ndugu watatu. Kufikia Aprili, maneno yalianza kuchujwa mezani. Baba na shangazi waliacha kusalimiana kwa wiki nzima, sababu ikiwa ni kuni.

Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Mwaka 2013 familia zilizokuwa bado kambini zikapewa shilingi 400,000 kila moja. Wakimbizi jumuishi wa Kisii na Nyamira walisubiri hadi uchaguzi wa 2017 ulipokaribia, na hata hapo walikuwepo waliolalamika kwamba majina yao hayakuonekana. Shangazi alishaenda ofisi moja akaulizwa, "Ulikuwa kambi gani?" Akajibu, "Kwa mama." Karani akafunga faili.

Hapo ndipo kosa lilipo. Tunahesabu msaada kwa mahema, kwa hivyo anayepokelewa vizuri anaonekana kama hakuumia, na aliyempokea haonekani kabisa. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani ilijaribu kulirekebisha hili. Jina lake lenyewe linataja pia jamii zilizoathiriwa. Sawa. Lakini sijawahi kusikia nyanya yeyote akirudishiwa magunia yake.

Shangazi hakurudi Kericho. Anauza mitumba Keroka, na wale watoto wanne sasa ni watu wazima. Yeye na Baba husalimiana.

Ukienda ushago Desemba hii, uliza nani alilala kwenu 2008. Uliza walikula nini, nani aliuza mbuzi kulipa karo ya nani, nani alinyamaza ili amani ikae. Andika majina hayo kwenye daftari lenu la nyumbani. Nyanya wetu hana tena nguvu ya kuinua ile sufuria, ila bado anakumbuka kila aliyekula kutoka kwayo.