Bibury: kijiji kilicholelewa na sufu

Bibury ni kijiji kidogo cha kaunti ya Gloucestershire, Uingereza, kando ya mto Coln unaoishia katika mto Thames. Mwaka 1086, Mfalme William alipoagiza mali ya nchi nzima iorodheshwe, Bibury nayo iliandikwa. Lakini kilichokipa kijiji hiki sura yake ni kondoo.

Safu ya nyumba iitwayo Arlington Row ilijengwa mwaka 1380 kama bohari ya sufu ya watawa. Katika karne ya 17 iligawanywa kuwa makazi ya wafumaji. Kuta zake ni za mawe ya chokaa, na hata paa limeezekwa kwa mawe yaliyopasuliwa: makubwa chini, madogo yakipanda hadi kileleni.

Mfumaji alifanya kazi humo humo alimolala. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo, kilipelekwa kwenye kinu cha Arlington, hapo jirani, kilichoendeshwa kwa nguvu ya mto. Huko kilipondwa hadi mafuta ya kondoo yakatoka na nyuzi zikashikamana. Kisha kilianikwa kwenye vichanja vya Rack Isle, uwanda uliozungukwa na maji pande tatu.

Mashine za mvuke zilipoanza kufuma katika viwanda vikubwa, riziki hiyo ilikatika. Umaskini uliofuata ukawa kinga ya kijiji, kwani asiye na fedha habomoi nyumba ajenge mpya. Msanii William Morris alipofika katika karne ya 19, alikisifu kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza. Sifa za eneo hilo zilivuka bahari: karibu na mwaka 1930, tajiri wa magari Henry Ford alinunua nyumba ya mawe katika kijiji jirani cha Chedworth, ikabomolewa jiwe kwa jiwe na kusafirishwa hadi Michigan, Marekani.

Arlington Row haikung'olewa. Leo inatunzwa na shirika la National Trust, na picha yake imewahi kuchapishwa ndani ya pasipoti ya Uingereza. Bonde la mto nalo halijakosa kazi: tangu 1902 hufugwa humo samaki aina ya trauti.

Kazi kubwa ya Bibury sasa ni kutazamwa. Watalii humiminika kwenye barabara nyembamba, huku wenyeji wakilalamikia msongamano. Wana haki, kwani nyuma ya milango inayopigwa picha kutwa bado wanaishi watu.