Umeme na Nyuzi za Kioo: Historia ya Shirika la Umma la Mji wa Chattanooga

Chattanooga, katika jimbo la Tennessee kusini-mashariki mwa Marekani, si mji mkubwa: hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata wakaaji 181,000 hivi. Hata hivyo wataalamu wa mambo ya miji hawaachi kuutaja tangu Septemba 2010, wakati shirika la umeme lililo mali ya mji huo lilipoanza kuuza intaneti yenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa wateja wake wote, wa mjini na wa mashambani. Wengi huisimulia habari hiyo kana kwamba ni muujiza wa siku moja. Lakini mizizi yake ni ya miaka ya 1930, nayo ilipandwa katikati ya ugomvi.

Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt iliunda mamlaka ya bonde la mto Tennessee, iitwayo TVA kwa kifupi, ili ijenge mabwawa na kuzalisha umeme wa bei nafuu. Miaka miwili baadaye wapiga kura wa Chattanooga walikubali mji uchukue mkopo na kuanzisha shirika lake la kugawa umeme huo, ndilo EPB. Kampuni ya watu binafsi iliyokuwa ikiwauzia umeme haikuridhika. Mashtaka ya makampuni dhidi ya TVA yalifika hadi Mahakama Kuu ya nchi, yakashindwa Januari 1939. Agosti ya mwaka ule kampuni ile iliuza mali yake kwa TVA na miji ya jimbo kwa dola zaidi ya milioni 78. Aliyepokea hundi hiyo, Wendell Willkie, mkuu wa kampuni mama, aligombea urais mwaka uliofuata dhidi ya Roosevelt mwenyewe, asiupate.

Miaka ya viwanda vya chuma yafaa kupitwa upesi. Iliupa mji kazi, ikaupa na moshi: mwaka 1969 televisheni ilitangaza nchi nzima kwamba hewa ya Chattanooga ndiyo chafu kuliko zote Marekani. Kisha viwanda vyenyewe vikafungwa. Kati ya 1980 na 1990 wakaaji walipungua kutoka 170,000 hivi hadi kama 152,000.

Katika hali hiyo EPB, chini ya uongozi wa Harold DePriest, lilianza kufikiria kutandaza nyuzi za kioo, zile nyuzi nyembamba ambazo hupitisha habari kwa njia ya mwanga. Inafaa kusisitiza jambo ambalo husahauliwa: mpango huo ulikuwa wa umeme kabla haujawa wa intaneti. Katika mtandao wa kizamani, mti ukiangukia waya, mtaa mzima huingia gizani, na shirika halina habari mpaka mteja apige simu. Ndipo fundi hutumwa kuifuata njia nguzo kwa nguzo akitafuta penye hitilafu. EPB lilifunga juu ya nguzo zake swichi za kujiendesha zipatazo 1,200, zikizungumza kwa njia ya nyuzi za kioo. Waya ukikatika, swichi zilizo pande mbili za hitilafu hutenga kipande kilichoharibika, na nyingine huwaletea umeme majirani kwa njia tofauti, mara nyingi kabla mtu hajaitafuta tochi. Fundi naye huenda moja kwa moja mahali penye kazi. Tufani ya Julai 2012 ilipopiga, shirika lilikadiria kwamba utaratibu huo uliliokolea takriban dola milioni 1.4. Msomaji aliyezoea umeme unaoondoka bila kuaga atapima mwenyewe thamani ya jambo hilo.

Fedha zilitoka pande mbili: mkopo uliochukuliwa na shirika lenyewe, na msaada wa serikali kuu wa dola zaidi ya milioni 111 uliotolewa mwaka 2009. Ugomvi wa 1935 ulirudi kwa sura mpya. Mwaka 2007 na 2008 chama cha makampuni ya televisheni ya waya, kisha kampuni ya Comcast, walishtaki wakidai kwamba wateja wa umeme wangelipishwa gharama za intaneti. Mashtaka yote yalitupwa. Hoja yenyewe haikuwa ya upuuzi, na ndiyo sababu idara ya nyuzi ilitakiwa kuilipa idara ya umeme kwa matumizi ya njia zake. Mwanzoni gigabiti moja iliuzwa dola 350 kwa mwezi, bei ya matajiri. Mwaka 2013 ilishushwa hadi 70 hivi.

Bento Lobo, mwanauchumi wa chuo kikuu cha mji huo, alikadiria mwaka 2020 kwamba faida ya miaka kumi ilizidi dola bilioni 2.6. Makadirio ya namna hiyo yapokelewe kwa tahadhari, kwani mji uliokuwa umekwisha kuanza kufufuka hauwezi kutenganishwa kirahisi na mtandao wake.

Linalozidi kushangaza ni habari ya mpaka. Sheria ya Tennessee inaliruhusu shirika la umeme la mji kuuza intaneti ndani ya eneo lake la umeme tu. Maneno “eneo la huduma”, ambayo zamani hayakuwa na maana zaidi ya mahali zilipoishia nguzo, yakageuka ukuta. Wakulima wa upande wa pili waliomba waunganishwe. Nyuzi zilikuwa karibu, ruhusa haikuwapo. Mwaka 2014 EPB lilipeleka shauri kwa tume ya mawasiliano ya nchi, ambayo mwezi Februari 2015 iliukubali upande wake. Agosti 2016 mahakama ya rufani iliitengua hukumu hiyo. Majaji hawakuchunguza kama mtandao ni mzuri au mbaya. Walisema tu kwamba tume haikupewa uwezo wa kuingilia kati ya jimbo na miji yake. Mwaka 2017 bunge la jimbo liliviruhusu vyama vya ushirika vya umeme vya mashambani kuuza intaneti, lakini miji ikaachwa ndani ya mipaka yake.

Na ndani ya mipaka hiyo pia waya kupita mlangoni hakukuwa sawa na kuingia nyumbani. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, na watoto wa maskini wakabaki bila masomo katika mji uliosifiwa kwa kasi yake. Mwezi Julai wilaya ya Hamilton, EPB na wafadhili walitangaza kwamba wanafunzi wapatao 28,000 wa jamaa zenye mapato madogo wangepewa intaneti nyumbani bila malipo kwa muda wa miaka kumi.