Mbili kwa Nne: Nusu Inchi Ilikwenda Wapi?

Ndugu mfugaji, siku hizi wengi wenu mnapakua michoro ya mabanda ya kuku kutoka intaneti na kumpelekea fundi. Mingi ni ya Marekani, na ndani yake utakuta ubao unaoitwa 2x4, jina lile lile la kwetu: mbili kwa nne. Lakini ubao huo wa Marekani una unene wa inchi 1½ na upana wa inchi 3½, yaani milimita 38 kwa 89.

Zamani haikuwa hivyo. Katika karne ya 19 Mmarekani alinunua mbao kiwanda cha jirani, mbichi, zenye alama za msumeno, na seremala akazipiga randa mwenyewe. Misitu ya mashariki ilipopungua, viwanda vikahamia Michigan na Wisconsin, kisha kusini, kisha pwani ya Pasifiki. Mbao zikawa zinasafiri maelfu ya kilomita kwa treni, na reli ilitoza kwa uzito. Wewe mfanyabiashara hesabu hiyo unaijua: ubao mbichi umejaa maji, na maji nayo yanalipiwa nauli. Wakaanza kuzikausha na kuzipiga randa kiwandani kabla ya kupakia. Ubao ukikauka husinyaa, na randa huupunguza tena. Jina likabaki la kipimo cha msumeno.

Hadi hapo hakuna wizi. Shida ilikuja kwa sababu kila kiwanda kilipunguza kivyake, na aliyepunguza zaidi alilipa nauli ndogo huku akiuza kwa jina lile lile. Mwaka 1919 wenye viwanda na wauzaji walikutana Chicago kujadili vipimo vya pamoja. Herbert Hoover, aliyekuwa Waziri wa Biashara kabla ya kuwa rais, akawasukuma, na mwaka 1924 kikatoka kiwango cha kwanza cha taifa: ubao wa inchi 2 ukishapigwa randa uwe na inchi 1⅝. Hicho cha leo, 1½ kwa 3½, kilianza kutumika mwaka 1970. Kwa hiyo ubao uliendelea kupungua, ila mnunuzi wa huko alijua umepungua kiasi gani. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida yote ya kanuni ile.

Usidharau nusu inchi. Mbili mara nne ni 8. Moja na nusu mara tatu na nusu ni 5.25. Theluthi ya ubao imeondoka. Na ukiusimamisha ubao huo kwenye kenchi, uwezo wake wa kukataa kupinda hupatikana kwa kuzidisha unene kwa upana mara tatu. Ubao kamili unatoa 128, ule mwingine unatoa 64 na kidogo. Ni nusu!

Sasa turudi kwa muuza mbao wetu. Mbao nyingi za paina za kujengea huuzwa bado zina alama za msumeno, kwa hiyo randa haiwezi kuwa kisingizio. Kukauka peke yake hupunguza upana wa inchi 4 kwa milimita chache tu. Ukikuta "mbili kwa nne" yenye alama za msumeno inasoma moja na nusu kwa tatu na nusu, ilipasuliwa hivyo makusudi. Ilipie kama ubao mdogo, au mwambie fundi asogeze kenchi karibu karibu.

Nenda na futi kamba. Pima ncha zote mbili na katikati, maana mbao za chenso huwa nene huku na nyembamba kule. Wewe unayenunua kwa jumla ukauze kijijini, andikisha kwenye risiti inchi ulizopima, kando ya jina la ubao. Na kama mchoro wako ni wa Marekani, mwonyeshe fundi zile milimita 38 kwa 89 kabla hajakata ubao wa kwanza, la sivyo milango ya banda haitaingia kwenye fremu zake.